Usiache Sindano ya Insulini

Ndani ya tumbo lako kuna kongosho. Kongosho hutengeneza insulini. Bila insulini, sukari hubaki katika damu na mwili hukosa nguvu.

Kwa baadhi ya watu, askari wa mwili hukosea. Hushambulia kongosho lao wenyewe. Vita hiyo huacha alama katika damu, na alama hizo hupimwa maabara.

Sisi waganga wasaidizi tulifundishwa kwamba kijana anayehitaji insulini kwa kawaida ana alama hizo. Vijana wengi wa Kizungu wenye kisukari cha namna hiyo wanazo. Lakini mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini. Walipimwa watu 894 walioanza kuugua kabla ya umri wa miaka 30. Karibu watu 65 katika kila 100 hawakuwa na alama.

Je, kisukari chao ni cha mchezo? Hapana! Insulini yao pia ilikuwa pungufu.

Maoni yangu ni haya. Damu yetu ipimwe hapa kwetu, tusitegemee vitabu vya watu wengine tu. Nawe mgonjwa, mtu akikuambia, "Huna alama, acha sindano," usimsikilize. Ukiacha sindano bila ushauri wa mganga, unaweza kufa. Ukiona kiu kali, kutapika na kuhema, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.