Mwacheni Akafundishe Wenzake

Boulder, Colorado

Wazee wangu, kaka na dada zangu wa Kiwangwa, nasikia msimu wa mananasi umekuwa mzuri shambani na mbaya sokoni, yaani kama kawaida yake: yakiiva yote kwa pamoja, mwenye lori ndiye anayepanga bei. Poleni sana. Najua fedha ya mananasi hayo ndiyo iliyonunua godoro na kulipa nauli ya vijana walioingia vyuo vikuu, na ndiyo maana naandika.

Mzazi mmoja alinipigia simu akilalamika. Mwanawe yuko mwaka wa pili Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anasoma sayansi, na kila jioni anakutwa kwenye vimbweta akiwaelekeza wenzake hesabu. "Nimempeleka kusoma au kufundisha bure?" Nilimjibu kwa kifupi. Jibu refu ni hili, na nalileta kwenu nyote kwa sababu najua hayuko peke yake.

Hapa ninapoishi, anachofanya kijana huyo ni kazi yenye ujira. Chuo Kikuu cha Colorado kilianza mwaka 2003 kuwaajiri wanafunzi wa shahada ya kwanza wawe wasaidizi katika madarasa ya sayansi. Ukumbi una mamia ya wanafunzi na mhadhiri mmoja. Wanagawanywa vikundi vidogo, na katikati yao anazunguka kijana aliyelipita somo lile lile juzi juzi tu. Hatoi majibu, na hilo ndilo gumu kuliko yote, maana anayejua jibu ulimi humuwasha. Anauliza: umeanzia wapi? Mbona nguvu ya msuguano umeiweka upande huu? Mwenzako anaonaje? Kila wiki anakaa na mhadhiri wakapitia maswali ya wiki inayofuata, na mwanzoni mwa kazi anasoma kozi ya namna watu wanavyojifunza sayansi. Valerie Otero na wenzake waliobuni mpango huo walikuwa na shabaha nyingine pia: kupata walimu wa sekondari. Wahitimu wa fizikia walioelekea kwenye ualimu walikuwa wachache mno, kwa hiyo wakaamua kuwaonjesha kazi wakiwa bado wanafunzi. Nadhani hilo mnalielewa vizuri kuliko Wamarekani, ninyi mnaojua maana ya shule ya kata kungoja mwalimu wa fizikia.

Wazo lenyewe lina umri zaidi ya hapo. Mwaka 1973, kule Kansas City, Deanna Martin alianzisha utaratibu ambao mimi naupenda kwa heshima yake. Hawakutafuta wanafunzi dhaifu ili wasaidiwe. Walitafuta masomo yanayoangusha wengi, wakaweka msaidizi kwa kila atakaye kuja. Mwanafunzi haitwi mbumbumbu, somo ndilo linaloitwa gumu. Fikirieni jinsi mtoto aliyetoka kwetu, aliyekuwa wa kwanza tangu darasa la tatu, anavyoona aibu kuuliza swali mbele ya waliotoka shule za kulipia. Bora afeli kimya kimya. Uri Treisman aliliona jambo linalofanana na hilo Berkeley miaka ya 1970: wanafunzi weusi waliokuja na sifa nzuri walikuwa wakianguka kalkulasi, na alipowafuatilia akakuta hawakuwa wavivu hata kidogo. Walisoma sana, ila kila mmoja peke yake. Wenye asili ya China walikutana jioni, wakakosoana. Akawaanzishia wale wengine vikao vya pamoja, tena kwa maswali magumu zaidi, siyo mepesi.

Sasa turudi kwenye vimbweta. Huko kwetu diskasheni haikuletwa na mradi wa mtu. Wiki za mitihani zikikaribia, kila benchi la saruji lina kikundi, na wasioogopa sup, yaani mtihani wa marudio, ni wachache. Lakini kuna jambo linalotendeka pale ambalo Colorado halipo. Mhadhara unatolewa kwa Kiingereza, diskasheni inafanyika kwa Kiswahili. Kijana amenakili ukurasa mzima kuhusu nguvu inayozungusha kitu, hajaambulia neno. Mwenzake anamwambia: nenda pale mlangoni, usukume karibu na bawaba, halafu usukume karibu na kitasa. Umeona? Basi, sasa rudi uandike hayo kwa Kiingereza. Dakika tatu zimetosha, na wala mhadhiri hakujua kama yametokea.

Hapo ndipo penye kasoro yetu. Kijana wa vimbweta akikosea, kikundi kizima kinaingia na kosa hilo chumba cha mtihani. Hana mtu wa kukaa naye kila wiki, hana mtu wa kumkataza kumwaga majibu, na hana hata nauli ya daladala kwa kazi hiyo. Ningekuwa na sauti kwenye vyuo vyetu, ningeanza na hicho kikao cha kila wiki kabla ya kitu kingine chochote, kisha posho. Na nisingemchagua mwenye alama za juu kuliko wote. Huyo mara nyingi hakumbuki lini alikuwa haelewi. Ningemtaka aliyepata B kwa jasho.

Kuhusu hofu ya mzazi wangu: A ya chuo haina nafasi za kuhesabu kama uchaguzi wa kidato cha tano. Mwenzake akipata, yeye hapungukiwi. Kinyume chake, atakayeeleza jambo mara tano kwa watu watano wasioelewa kwa namna moja, atalijua mpaka mizizi.

Wazee mtanikumbusha Azimio la Musoma la 1974, vijana waliomaliza darasa la saba walipopewa chaki ili kila mtoto aende shule. Nakubali, na sitaki turudi huko. Msaidizi hachukui nafasi ya mwalimu, na mkuu wa shule akitaka kumgeuza kuwa mwalimu wa bure, mkataeni.

Ninachoomba ni kidogo. Vyuo vikifunga, vijana wetu wa sayansi wako nyumbani, na kidato cha nne wa sekondari yetu wanajiandaa kwa mtihani wa Novemba. Walimu wa hesabu na fizikia waliopo wapange maswali na wakae na vijana hao kila Jumatatu, kisha vikundi vifanyike jioni siku tatu kwa wiki. Chakula na posho ya kila kijana kwa wiki sita nitalipa mimi pamoja na wenzangu wawili wa huku, tumeshakubaliana. Tunataka majina matano, wasichana wasiopungua wawili, na barua ya mkuu wa shule kabla ya mwisho wa Mei. Yule wa Mlimani aandikwe wa kwanza, baba yake akiridhia.