Tahadhari: Mabinti Wakianza Kuanguka Bwenini

Wakuu wa shule, matroni na wazazi, msimu wa mitihani ya taifa huja na simu za usiku. Binti mmoja kaanguka bwenini, anatetemeka na kupiga kelele. Nusu saa baadaye wako wanne. Yatakayofanywa saa chache za mwanzo yanaweza kuamua kama watabaki wanne au watafika tisini.

Tisini sijaitaja kutishia watu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana iliyoendeshwa na misheni huko Kashasha, Kagera ya leo, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, 95 kati ya wanafunzi 159 walikuwa wamepatwa. Huko ughaibuni tukio hili husimuliwa kama kichekesho, na hilo linaniuma. Mabinti wale walikuwa wakicheka na kulia kwa zamu, wakikimbia ovyo kwa hofu, wakishikwa wanapambana. Madaktari Rankin na Philip, walioandika ripoti yake mwaka 1963, hawakuona sumu kwenye chakula wala maambukizi kwenye damu. Hakuna mwalimu aliyepatwa na hakuna aliyekufa.

Kufunga shule hakukumaliza jambo. Baadhi ya mabinti walirudi makwao Nshamba, na kati ya Aprili na Mei watu 217 wa huko wakapatwa, wengi wao watoto na vijana. Kashasha ikafunguliwa Mei, ikafungwa tena Juni. Vijijini watu walisema hewa imetiwa sumu na mabomu ya atomiki. Hofu ilifika kwa jirani kabla ya maelezo. Siku hizi inafika haraka zaidi: Oktoba 2023, wasichana wa sekondari ya Eregi, Kakamega nchini Kenya, walipopelekwa hospitali kwa makumi wakishindwa kutembea vizuri, video zao zilikuwa tayari kwenye simu za watu kabla majibu ya vipimo hayajatoka.

Mwili unafanyaje hayo kwa sababu ya hofu? Chukua jambo moja tu, pumzi. Mwenye hofu hupumua haraka haraka na kwa nguvu, hewa ya kabonidayoksaidi katika damu yake ikapungua mno. Kichwa kinazunguka. Midomo na ncha za vidole vinakufa ganzi. Kisha kiganja kinajikunja kwenye kifundo cha mkono, vidole vinabanana na kukakamaa, na hata ukijaribu kuvikunjua havikubali. Mwenzake wa kitanda cha pili anauona mkono ule, anasikia mtu akisema ni mapepo, moyo unamwenda mbio, naye anaanza kupumua vilevile. Hakuna kijidudu kilichopita kati yao, na wala hakuna anayeigiza. Ganzi ile ni ya kweli, maumivu ni ya kweli, na binti anayeambiwa anajifanya ataumia zaidi ili aaminiwe.

Kwa hiyo, kwanza aitwe mganga wa zahanati. Msiseme ni hofu kabla mhudumu wa afya hajawaona. Homa kali, shingo iliyokakamaa, kutapika na kuharisha, au mtu kupoteza fahamu kabisa ni mambo ya hospitali usiku uleule, maana homa ya uti wa mgongo, malaria kali na chakula chenye sumu havisubiri asubuhi. Hata wenzake wote wakiwa wameanguka kwa hofu, mmoja anaweza kuwa na kifafa.

Wakati mganga yuko njiani, watenganisheni wanaoanguka na wanaotazama. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Wapelekeni walioanguka mmoja mmoja mahali pa utulivu, mtu mzima mmoja akae na kila binti, azungumze kwa sauti ya chini, amwongoze kutoa pumzi polepole. Wengine waondolewe pale, wapewe shughuli ya kawaida. Simu za kurekodi zizimwe, ziwe za walimu au za wapishi.

Sasa niseme lisilopendwa. Msiwakusanye wanafunzi wote uwanjani kuwaombea walioanguka kwa kipaza sauti. Anayetaka kumwombea mwanawe amwombee, ni haki yake na inaweza kumtuliza, lakini afanye faraghani. Kukemea mapepo mbele ya mabinti mia nne ni kuwaonyesha mia nne namna ya kuanguka. Wala msimlete mtu wa kusoma nyota aseme nani karoga. Jina litakalotajwa, la mwalimu wa kike asiyeolewa au mpishi mzee, litamfuata hadi kaburini, na katika nchi yetu watu wameuawa kwa tuhuma nyepesi kuliko hizo. Viboko navyo viwekwe pembeni: vinaongeza hofu ileile inayowaangusha.

Baada ya kutulia, mtu anayeaminiwa na mabinti akae nao awaulize. Wanalala saa ngapi? Nani anawachapa, na kwa kosa gani? Kuna anayewaingilia bwenini? Waliotajiwa alama za mwaka jana kila asubuhi mstarini wanabeba nini hadi wakati wa kulala? Kashasha nako kulikuwa na mabinti wadogo waliokaa mbali na nyumbani, chini ya nidhamu kali, nchi ikiwa na karibu miezi miwili tangu ipate uhuru na wakubwa wakitarajia makubwa kwao.

Mzazi, ukipokea video ya watoto wakianguka, usiisambaze. Ifute, kisha mpigie mwalimu. Na wewe mkuu wa shule, usisubiri aanguke wa kwanza: wiki hii tafuta namba ya mganga wa zahanati ya jirani, ibandike mlangoni kwa matroni, na mkubaliane chumba gani kitatumika.