Kopo la Wiki Tatu

Mmekwisha kuwasikia wauzaji: chakula cha mfuko kinaua mbegu za mbwa dume, dawa ni nyama mbichi na kopo la unga wao. Pimeni wenyewe.

Hoja ya kwanza ina ukweli ndani yake, nami siufichi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, uliochapishwa 2016, ulipima mbegu za madume wa mpango mmoja wa uzalishaji tangu 1988 hadi 2014, ukakuta asilimia ya mbegu zinazoogelea sawasawa inashuka. Kemikali za viwandani zilionekana kwenye korodani, na katika baadhi ya vyakula vya mbwa vya madukani. Hapo ndipo wauzaji wanapoacha kusoma. Mojawapo ya kemikali hizo ni PCB153, ambayo hujilimbikiza katika mafuta ya wanyama. Na nyama mbichi, je, haina mafuta? Isitoshe, utafiti ule haukuwalinganisha walaji wa nyama mbichi na walaji wa chakula cha mfuko. Wamemwita shahidi ambaye hakuwapo.

Ati mbwa ni mbwamwitu, wanga haumfai. Watafiti walioandika katika jarida la Nature mwaka 2013 walihesabu nakala za jeni ya kuvunja wanga: mbwamwitu 2, mbwa 4 hadi 30. Na kama ni mbwamwitu kweli, kopo la nini?

Kopo lina zinki, na ni kweli dume aliyepungukiwa zinki korodani zake hudhoofika. Asiyepungukiwa je? Zinki ikizidi, mwili hushindwa kufyonza shaba.

Inayonichekesha ni ahadi yao kwamba kopo hurudisha nguvu za dume kwa "wiki tatu". Mbegu ya mbwa hutengenezwa kwa takriban siku 62, kisha hukomaa kama wiki mbili zaidi kabla ya kutoka. Basi jike wanayemtolea ushuhuda, kwamba alishika mimba wiki ya tatu, ameshika kwa mbegu zilizoanza kutengenezwa kabla kopo halijafunguliwa, dume akila kilekile wanachokiita sumu. Ushuhuda wao wenyewe unakitetea chakula cha mfuko!

Katika maneno yao yote hayo, bakteria wa Brucella canis hawakutajwa hata mara moja. Huambukizwa kwa kupandana, huvimbisha korodani, na hakuna mlo unaowaua. Kabla ya kununua kopo, mpeleke dume kwa daktari wa mifugo apimwe damu na mbegu.