Ukiuza redio ya gari, uza na maelezo ya nyaya mbili

Wauzaji wenzangu, hasa nyie mnaoposti redio za gari kwa picha na bei tu, leo nina neno na nyie. Najua wengine hamtalipenda.

Maoni yangu ni haya: mteja akikwambia "redio yako mbovu", usikimbilie kumjibu vibaya na usikimbilie kurudisha hela. Mara nyingi shida iko kwenye nyaya mbili, wa njano na mwekundu. Na posti yako haikusema chochote kuhusu nyaya hizo.

Tuanze na swichi ya gari, maana kila kitu kinaanzia hapo. Gari la ufunguo lina nafasi nne. LOCK (kuna yanayoandika OFF), ufunguo unatoka. ACC, injini imelala lakini redio inapata umeme. ON, mifumo yote ya gari inapata umeme na taa za dashibodi zinawaka. START unashikilia tu mpaka injini iwake, ukiachia unarudi ON wenyewe. Kwa Toyota nyingi za kitufe, ukibonyeza bila kukanyaga breki, mara ya kwanza ni ACC, mara ya pili ni ON.

Sasa redio. Kwenye redio nyingi za dukani, waya wa njano unatakiwa uwe na umeme wa betri muda wote, hata gari likiwa limezimwa. Ndio unaotunza saa na stesheni. Mwekundu unatakiwa kupata umeme ufunguo ukifika ACC, ndio unaoiambia redio iwake au izime. Mweusi unaenda kwenye bodi ya gari.

Ukishajua hilo, malalamiko matatu ya kila wiki unayaelewa:

1. "Betri inaisha usiku." Fundi kaunganisha njano na nyekundu pamoja kwenye umeme wa betri. Redio haijui kama gari limezimwa. Tuseme inakula ampea 1 tu. Gari likipaki Ijumaa saa 12 jioni mpaka Jumatatu saa 12 asubuhi, hizo ni saa 60, yaani ampea-saa 60. Betri ya 45 imeshakufa kabla ya Jumatatu.

2. "Kila nikizima gari inasahau stesheni na saa." Nyaya zimebadilishana, au zote mbili zimewekwa ACC.

3. "Inazima nikipiga stata." Magari mengi hukata umeme wa ACC wakati wa START, halafu unarudi. Redio ni nzima, mwambie mteja atulie.

Kuna watakaosema, "Mimi nauza, kufunga ni kazi ya fundi." Kweli kabisa. Lakini betri ikifa, mteja hamtumii meseji fundi. Anakutumia wewe, tena anaandika hadharani chini ya posti yako. Ukikubali irudi, unalipia mzigo wa basi kwenda na kurudi, na inayorudi ina nyaya zilizokatwa na kuzungushiwa tepu. Hiyo huwezi kuiuza tena kama mpya. Faida ya redio tatu imeondoka na redio moja.

Sisemi ugeuke fundi. Nasema fanya mambo matatu.

La kwanza, uliza gari kabla ya kutaja bei. Aina gani, mwaka gani, na akutumie picha ya plagi nyuma ya redio ya zamani. Toyota nyingi kutoka Japani zina plagi mbili, ya pini 10 na ya pini 6. Uza redio pamoja na plagi ya kuunganishia inayolingana, ili fundi asikate waya wa gari hata mmoja. Mwenye Volkswagen umuulize zaidi: zipo ambazo nafasi za umeme wa betri na wa ACC kwenye plagi zimebadilishana, na zipo ambazo hazina kabisa waya wa ACC kwenye redio.

La pili, usimwambie mteja "nyekundu kwa nyekundu". Rangi za redio si rangi za gari. Kwenye Toyota nyingi umeme wa betri ni bluu yenye mstari wa njano, ACC ni kijivu, bodi ni kahawia. Andika hivi kwenye posti, nakili bure:

"Fundi apime kwa testa kabla ya kufunga. Waya wa njano wa redio uende kwenye umeme usiokatika hata ufunguo ukitoka. Mwekundu uende kwenye umeme unaokuja ACC na kukatika LOCK. Ukiunganisha hizo mbili pamoja, garanti imekwisha."

Sentensi hiyo ya mwisho ina nguvu kama mteja ameisoma kabla ya kulipa. Ukiitoa baada ya ugomvi, ni ujanja.

La tatu, mteja akilalamika, omba video fupi. Atoe ufunguo, aoneshe redio. Arudishe ufunguo, afike ACC, aoneshe tena. Redio ikiwa inawaka na ufunguo uko mkononi, mwambie arudi kwa fundi na umweleze cha kurekebisha. Ikionekana redio yenyewe ndiyo mbovu, rudisha hela bila maneno mengi.

Na nyie wa redio za mtumba: kama plagi imekatwa, sema imekatwa, piga picha ya nyuma. Mteja akigundua mwenyewe kwa fundi, hanunui kwako tena.

Bei ya redio kila mtu anayo, na picha ni zilezile tunazonakiliana. Anayejua kumuuliza mteja "ufunguo ukitoka, inazima?" ndiye atakayetumiwa wateja na mafundi wenyewe.

Wewe huwa unaandika nini kwenye posti zako za redio? Weka hapa chini tujifunze.