Kigari cha Waya si Utoto
Mwenzenu nikikunja waya nyuma ya bweni mnanicheka: "Jitu zima na kigari!" Juzi nimekikuta kimekanyagwa. Yaliyopita si ndwele, ila naomba mnisikilize.

Kigari kile ni hesabu. Kwa kipimo cha 1 kwa 20, matatu ya mita 4.5 huwa sentimita 22.5. Uwiano ulionipiga chenga darasani nimeuelewa hapo, kwa koleo, mkebe na slipa kuukuu.

Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipewa kazi ya kuunda gari la Nyayo, halikufika sokoni. Nani atajaribu tena, kama tunaona haya kushika waya?

Mgala muue na haki yake mpe: nichekeni, jamani, lakini msikanyage.