Kipanga, Kunguru na Ndege Waimbao

Wakulima wenzangu wa Timau, nataka kuzungumza nanyi juu ya shauri moja ambalo limeletwa mara nyingi katika dirisha la ofisi yetu. Mtu huja akauliza, dawa gani inafaa kumwua kipanga? Zamani aliyeuliza hivyo alikuwa na habari ya vifaranga vyake, na hilo nalifahamu. Lakini siku hizi wako wanaosema wanataka kumwua kwa kuwahurumia ndege wadogo, yaani chiriku, chozi, kurumbiza na wale wote wanaotuimbia alfajiri katika ua. Wanasema ndege hao wamepungua, na kipanga ndiye aliyewamaliza. Tena wana hoja: mbona huko Pwani Serikali yenyewe inaua kunguru kwa sababu hiyo hiyo?

Hoja hiyo si ya kuchekwa. Mimi ni karani tu, sikuandikwa kazi ili nitoe hukumu juu ya ndege. Lakini nilisomea ualimu, na mwalimu hapendi kuona swali zuri linapita bila kujibiwa. Haya ni maoni yangu mwenyewe. Asiyekubaliana nami na amwandikie Mhariri.

Tuanze na kunguru, maana ndiye anayetolewa kuwa shahidi. Kunguru anayeuawa Pwani ni yule mwembamba mwenye shingo ya kijivu, si huyu wetu mwenye fulana nyeupe kifuani. Yeye si mwenyeji wa Afrika. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili asafishe takataka za mji. Alikula takataka kweli, kisha akageukia mayai na makinda ya ndege wengine, na vifaranga vya watu pia. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, na tangu hapo amesambaa Pwani nzima. Wakaaji wa Malindi na Watamu wanajua jinsi kunguru hao wanavyokwenda kundi zima, mti kwa mti, wakipekua viota. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori, KWS, lilitangaza shabaha ya kuondoa kunguru milioni moja kabla ya mwaka huo kwisha. Dawa inayotumika hutiwa katika vipande vya nyama, baada ya kunguru kuzoezwa kwanza kula mahali pale. Humwua polepole, na huvunjika ndani ya mwili wake, hata mnyama akila mzoga si rahisi adhurike.

Mimi naunga mkono kazi hiyo, ingawa siifurahii. Ndege huyu aliletwa na watu, katika nchi ambayo ndege wake wadogo hawakujifunza kamwe kujikinga naye, naye huongezeka kwa kulishwa na majaa yetu. Kosa lilikuwa letu, na aliyefungua mlango ndiye apaswaye kuufunga. Lakini nina neno moja la kulalamika. Unguja walifanya vita kama hivyo katika miaka ya 1990, kunguru wakapungua sana, kisha kazi ikaachwa nao wakarudi. Kumwua kiumbe ili kazi ikamilike ni jambo zito, lakini lina maana. Kuua maelfu, kupumzika, halafu kuanza tena na watoto wao, huku jaa liko pale pale wazi, hiyo naona ni dhuluma kwa kunguru na ni hasara kwa mlipa kodi.

Sasa njoo kwa kipanga wetu. Nani alimleta? Hakuna. Alikuwako kabla ya wazungu kuweka nyaya zao hapa, na kabla ya babu zetu kufyeka msitu. Ndege wadogo wa Mlima Kenya wameishi naye tangu awali, nao wanamjua vizuri kuliko sisi. Sikiliza siku moja kelele za onyo zinazopigwa kivuli chake kikipita juu ya ua. Kila mmoja huingia kichakani. Mbona basi hajawamaliza kwa miaka yote hiyo, aje kuwamaliza leo?

Tena mwangalieni anakula nini. Huyu kipanga mkubwa mwenye mkia mwekundu, anayekaa juu ya nguzo za ua, chakula chake kikubwa katika nyanda za juu ni fuko na panya. Mkulima wa viazi hahitaji kuelezwa fuko ni nani. Kadhalika bundi. Najua wengi wetu tulifundishwa kwamba bundi akilia juu ya paa pana msiba, lakini karibu na Mweiga, katika Nyeri, wako wakulima ambao bundi wakubwa wa Mlima wanakaa katika majabali ya mabonde yao, na wageni hulipa fedha ili waonyeshwe. Bundi huyo akishiba panya usiku, ngano ya nani imeokolewa?

Ni kweli wako kozi wadogo ambao kazi yao hasa ni kukamata ndege. Sitawaficha. Lakini jambo hili limekwisha kuchunguzwa mahali pengine. Huko Uingereza kozi wa namna hiyo walitoweka katika wilaya nyingi karibu na mwaka 1960, kwa sababu ya dawa zilizopakwa kwenye mbegu. Dawa zilipokatazwa wakarudi, na watu wakapiga kelele kwamba ndege waimbao wanakwisha. Wataalamu wakapitia hesabu za ndege za miaka mingi, wilaya kwa wilaya, na mwaka 1998 wakatoa habari yao, kwamba kupungua kwa ndege waimbao hakukufuatana na kurudi kwa kozi. Mabadiliko ya ukulima ndiyo yaliyoonekana kuwa na lawama kubwa zaidi.

Hapo ndipo penye uchungu kwetu. Yuko ndege mdogo wa kifua cha manjano, ambaye wataalamu wamempa jina la Sharpe. Huishi katika majani ya nyanda za juu, na hapatikani popote duniani ila Kenya. Kule Kinangop amepungua sana, wala si kipanga aliyemwondoa. Ni jembe na trekta. Majani yake yamekuwa viazi na ngano. Kwetu nako, tangu mashamba makubwa yalipoanza kugawanywa kwa mpango wa ekari milioni moja wa 1962, tumelima mpaka mpakani. Sisemi tulifanya vibaya. Mwenye ekari chache na watoto wa kusomesha hawezi kuambiwa aache shamba kwa ajili ya wimbo. Nasema tu kwamba mtu aliyelima nyumba ya ndege hana haki ya kumshtaki kipanga. Na kama anataka kweli ndege warudi, mstari wa majani usiolimwa ukingoni, au ua wa miti hai badala ya nguzo na waya tu, utawafaa kuliko chupa ya sumu. (Paka wa nyumbani, na wavulana wenye manati, sijaona mtu akija dirishani kuwashtaki.)

Yako pia mambo ya haki yenyewe. Twamwita kipanga mwizi na mwuaji. Mwizi ni yule ajuaye kwamba kitu ni cha mwingine. Kipanga ana makinda yanayolia njaa kama ya chozi, wala hakuumbwa kula mtama. Sisi twapenda sauti ya mmoja na hatupendi kucha za mwingine, na kupenda kwetu si sheria. Sheria iliyopo ni ile ya wanyamapori ya mwaka 2013, na kwa sheria hiyo kumtilia sumu ndege wa porini ni kosa.

Isitoshe, wao ndio wanaokwisha. Hesabu zilizofanywa barabarani katika Kenya miaka ya 1970 zilirudiwa baada ya mwaka 2003, na matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Katika aina 22 za ndege wawindaji na wala mizoga, aina 19 zimepungua. Kipanga wa mkia mwekundu ni mmoja wao. Sumu ni sababu mojawapo. Mnaikumbuka Furadan, dawa ya wadudu ambayo watu waliitia katika mizoga ili waue simba na fisi, tai wakafa pamoja nao. Mwaka 2009 kampuni iliyoitengeneza iliiondoa katika maduka ya Kenya.

Nisipotaja kwelea mtasema naificha Serikali. Mwaka 2023 walinyunyiziwa dawa ya fenthioni katika mashamba ya mpunga ya Kisumu, maana njaa ilikuwa mlangoni. Siwezi kumwambia mwenye mpunga avumilie. Lakini kipanga anayeokota kwelea aliyelegea hufa naye, na huyo ndiye aliyekuwa akiwala kwelea bila mshahara. Naona haja ya kutafuta njia nyingine haijashughulikiwa kwa bidii inayostahili.

Basi kwa vifaranga, maana najua mama wa nyumbani amekwisha kukasirika na maneno yangu: vifunike kwa tenga au banda la wavu mpaka vifikishe wiki nane, na uwanja wa kuku uwe na vichaka vya kujificha. Kondoo akifa, mzike. Usimwache nje, wala usimpe mtu anayetaka mzoga kwa shughuli asiyoisema. Ukikuta kipanga au tai amekufa shambani pasipo jeraha, usimshike kwa mikono mitupu, wafungie mbwa, na upeleke habari kwa KWS siku hiyo hiyo. Dirisha letu li wazi asubuhi kwa atakayetaka kusaidiwa kuandika barua.