Mvuvi ndiye anayejua meli ilipolala: barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii

Mheshimiwa Waziri,

Naandika kutoka Kikatiti, kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, ambako maji ya karibu ni ya mito inayoteremka kutoka Mlima Meru na bahari iko mbali mamia ya kilomita. Mtu wa pwani ana haki ya kuuliza mtu wa mlimani ana neno gani juu ya meli zilizozama. Analo, kwa sababu malikale ni mali ya Taifa zima na wizara yako ndiyo iliyokabidhiwa kuitunza upande wa Bara. Analo pia kwa sababu kile kinachomuua mvuvi chini ya maji tumekwisha kukiona huku kikiua vijana wetu kwenye mashimo ya tanzanaiti ya Mirerani: kukosa hewa mahali ambapo mtu hawezi kutoka haraka. Hoja yangu ni moja. Mvuvi anayezamia kwenye mabaki ya meli hataachishwa kwa kukamatwa. Ataacha kuibomoa meli, na ataacha kujiua, siku Serikali itakapomtambua kuwa ndiye mlinzi wa kwanza wa meli hiyo, ikamlipa kwa taarifa yake na kumfundisha kuzamia.

Nianze na mwili wa mvuvi, maana huo ukipotea haurudi. Mabaki ya meli huvuta samaki. Chuma kikilala juu ya mchanga mtupu, matumbawe hushika, chewa hujificha, kamba kochi huingia kwenye mianya. Mvuvi haendi pale kutafuta historia. Anakwenda kutafuta kitoweo, na akiwa chini anaona bomba la shaba au sahani nzima. Anayezamia kwa pumzi yake mwenyewe amewekewa mpaka na mapafu yake. Hatari kubwa huanza kompresa inapopakiwa kwenye chombo. Itazame mashine hiyo kwa karibu: ni ndugu wa ile iliyo kwenye vibanda vya mafundi pancha hapa barabarani kwetu, tangi la chuma, mkanda, injini ndogo ya petroli. Imetengenezwa kujaza tairi. Oili ikichanganyika na hewa, tairi halidhuriki. Bomba la moshi liko hatua moja kutoka mahali mashine inapovuta hewa. Upepo ukigeuka, inavuta moshi wake yenyewe na kuusukuma chini, kwenye mpira mrefu, hadi kinywani mwa kijana aliyeing'ata ncha yake kwa meno. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Kichwa kitamuuma, atalegea, kisha usingizi.

Akinusurika na moshi, bado kuna maji yenyewe. Kila mita 10 huongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo mtu aliye kwenye mita 30 anabeba mara nne ya ule wa ufukweni. Naitrojeni huyeyuka mwilini mwake kama gesi ndani ya chupa ya soda iliyofungwa. Petroli ikiisha ghafla au mpira ukijikunja, kijana hupanda mbio, na chupa imefunguliwa. Mapovu huingia kwenye viungo na uti wa mgongo. Anaweza kufika ufukweni akitembea, akala, akalala, na alfajiri miguu ikakataa. Na kwa kuwa alitoka majini mzima, ni rahisi watu kusema kuna kitu kimempata kule kwenye meli, apelekwe kwa mganga, huku saa za tiba zikipita. Tiba yenyewe ni oksijeni na chumba maalumu cha mgandamizo, na vyumba vya namna hiyo katika pwani yote ya Afrika Mashariki vinahesabika kwa vidole. Sijataja nyavu zilizonasa kwenye vyuma, kuta zilizooza zinazoporomoka kwa kuguswa, wala risasi za mizinga ambazo meli ya vita huweza kuzama nazo.

Upande wa pili ni wa waliofia ndani ya meli hizo. Meli ya abiria MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa. Kuna waliozikwa Igoma, na kuna ambao hawakutolewa. Siku ile meli ilikuwa imepinduka na watu wangali hai ndani yake. Tumbo likatobolewa ili waokolewe, hewa iliyokuwa ikiishikilia juu ya maji ikatoka, na meli ikaenda chini. Waliotoboa walikuwa na nia njema. Kilichokosekana ni ujuzi wa hewa na maji, ujuzi uleule ninaoudai katika barua hii. Meli ya Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 katika mkondo wa Nungwi, hata wazamiaji walioletwa kutoka Afrika Kusini hawakuifikia. Meli kama hizo ni makaburi. Kaburi halifukuliwi kwa sababu vyuma vyake vina bei kwa mnunuzi wa chuma chakavu, na mtu wa pwani au wa ziwani haambiwi hilo na Waziri. Analijua kwa dini yake na kwa malezi yake. Ugumu ni kwamba anayelijua ana watoto, na mnunuzi wa shaba hulipa papo hapo bila kuuliza imetoka wapi.

Tusimtazame mvuvi huyu kama mwizi wa makaburi tu, kwa kuwa ndiye pia anayefika wa kwanza wenzake wanapozama. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi wa mitumbwi ndio waliowahi. Watu 24 walitoka hai, 19 wakafa, na kijana mvuvi aliyesaidia kuufungua mlango akapewa fedha na kuajiriwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Serikali ilikwisha kuikubali hoja yangu, basi, ingawa ni kwa mtu mmoja, baada ya msiba, mbele ya kamera. Naomba ikubaliwe kwa wengi, kabla ya msiba.

Kuna pia kinachopotea shaba inapoyeyushwa. Mwaka 2008, huko Oranjemund nchini Namibia, wafanyakazi wa mgodi wa almasi walikuta mabaki ya meli ya Kireno ambayo wataalamu wanaitambua kuwa Bom Jesus, iliyopotea mwaka 1533. Kazi ikasimamishwa, wataalamu wakaitwa. Ndani yake kulikuwa na mikate ya shaba yenye alama ya mkuki wa ncha tatu, alama ya nyumba ya wafanyabiashara wa Fugger wa Ujerumani, na pembe za tembo zaidi ya 100. Mwaka 2020 watafiti walisoma vinasaba vya pembe hizo wakaonyesha kuwa zilitoka kwa makundi kadhaa ya tembo wa Afrika Magharibi. Alama ndogo juu ya kipande cha shaba ikaeleza nani alimuuzia nani. Kwenye mizani ya chuma chakavu kipande kile ni kilo tu. Jirani zetu wa Kenya nao wanayo meli ya Ngomeni, karibu na Malindi, ambako Caesar Bita wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya ameibua mikate ya shaba na pembe, na mwaka 2024 watafiti wakasema huenda ni São Jorge, meli ya msafara wa mwisho wa Vasco da Gama. Huenda, haijathibitishwa. Itathibitishwa tu ikiwa mbao zilizobaki zitaachwa mahali zilipo, na anayepita juu ya mbao hizo asubuhi na jioni ni mvuvi.

Sheria yetu, Mheshimiwa, ilitungwa na watu waliokuwa wakitazama nchi kavu. Sheria ya Malikale ya 1964 inavilinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na majengo ya kabla ya 1886. Kilicho baada ya hapo kinangoja Waziri akitangaze. Kwa kipimo hicho, manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyomalizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, haijatimiza umri. Historia yake inawajibu pia wale wanaodhani uharibifu wa meli ulianza na wavuvi. Mwaka 1924 John Ingle, aliyekuwa nahodha wa Pegasus, meli ya Kiingereza ambayo Königsberg iliizamisha Unguja tarehe 20 Septemba 1914, alinunua haki ya mabaki yale kwa pauni 200 akaanza kutoa metali zake. Baadaye akaiuza haki hiyo kwa wengine, na ubomoaji ukaendelea kwa miongo hadi ganda lilipomezwa na tope katika miaka ya 1960. Yote hayo kwa kibali. Mabaharia wa Pegasus, kwa upande wao, walizikwa kwa heshima kwenye kisiwa cha Chapwani, na makaburi yao yanatunzwa hadi leo. Heshima hiyohiyo ndiyo ninayoiombea MV Bukoba.

Nitaambiwa kwamba kumlipa mvuvi kwa kuonyesha meli ni kuwatuma mamia wengine wakazamie. Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na halifutwi kwa neno moja. Ukilipa kwa kitu kilicholetwa mkononi, umefungua soko la kubomoa. Ukilipa kwa taarifa ya mahali, na malipo yakatoka baada ya mtaalamu kuthibitisha kwamba hakijaguswa kitu, umegeuza hesabu: mkono uliochomoa bomba umejinyima fedha. Malipo ya mwaka kwa kikundi kizima cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi (BMU) kinachoilinda meli yanafaa kuliko zawadi ya mtu mmoja, kwa kuwa hapo kila mvuvi ana sababu ya kumzuia mwenzake. Mfano wa Mirerani nilioutaja mwanzoni unasaidia hapa, ingawa una mpaka wake. Huko makumi walikufa kwa mafuriko mwaka 1998 na tena Machi 2008, na wengine kwa kukosa hewa mwaka 2002, na mchimbaji mdogo alizoea kuitwa mvamizi. Kisha ukajengwa ukuta kuzunguka machimbo, likaja soko rasmi, na Juni 2020 mchimbaji mdogo Saniniu Laizer akaiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti kwa shilingi bilioni 7.7, hadharani. Sisemi mashimo yamekuwa salama. Nasema aliyepata jiwe ana pa kulipeleka. Tofauti ni kwamba tanzanaiti huuzwa, na urithi hauuzwi. Kwa hiyo kinachonunuliwa baharini kiwe ulinzi.

Wengine watasema kompresa imekatazwa katika uvuvi, na kumfundisha mvuvi kuitumia ni kuhalalisha kosa. Sitaki ihalalishwe kwa uvuvi. Katazo hilo ni la haki, na samaki wetu wanalihitaji. Lakini katazo peke yake limeisukuma mashine usiku, mbali na macho ya mtu anayeweza kusema bomba la moshi limeelekezwa vibaya. Anayezamia kwa siri akipooza, anaficha hata hospitalini alichokuwa akifanya, na daktari asiyejua mgonjwa alikuwa kwenye kina gani hutibu kiharusi. Fundisho la kwanza, kwa hiyo, liwe kwa kila diko, wazamie wasizamie: dalili ni zipi, mgonjwa alazwe vipi, apewe nini, akimbizwe wapi, na kwamba hatashitakiwa kwa kusema ukweli wodini. Mafunzo ya kuzamia kwa mitungi, kwa wachache watakaochaguliwa na vikundi vyao kuwa walinzi na waokoaji, yanaweza kutolewa na Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi huko Mbegani wakishirikiana na Idara ya Malikale. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekwisha kuonyesha Bagamoyo, kwa mradi wa Bahari Yetu, Urithi Wetu, kwamba wasomi na watu wa bahari wanaweza kukaa meza moja.

Kuhusu fedha, nitasema kidogo. Watalii hulipa kuzamia kutazama meli zilizozama, na wanapokwenda hukabidhiwa mwongozaji, mitungi iliyopimwa na bima. Sehemu ya kile wanacholipa irudi kwa watu ambao baba zao ndio walioonyesha meli zilipo. Kumruhusu mgeni aitazame kwa raha na kumfukuza mwenyeji kama jambazi si uhifadhi.

Ombi langu la kwanza lipo ndani ya mamlaka yako mwenyewe: tangaza kwenye Gazeti la Serikali kuwa Königsberg, pamoja na mabaki mengine ya namna yake upande wa Bara, ni malikale inayolindwa, na zungumza na wenzako wa Zanzibar ili mkondo wa Nungwi usiachwe nyuma. Meli walimofia watu wetu zitambuliwe kisheria kuwa makaburi, bila kungoja zitimize umri. Kisha anza Rufiji, na wavuvi wa delta ambao wanaijua mifereji yake kuliko ramani yoyote iliyoko ofisini. Wape namba moja ya simu ya kutoa taarifa, si ofisi tatu za kuzungushana. Namba hiyo iandikwe kwa rangi ukutani, kwenye kila diko na kila mwalo, na anayeipokea awe mtu anayejua bamvua ni siku gani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwananchi wa Kikatiti, Meru